Mnazi Hukulia Wapi?

Mkulima, nenda kwenye mnazi uliokatwa vidato vya kukwelea, ukapime kidato cha chini tangu ardhini. Rudi baada ya miaka 10, utakikuta pale pale. Mti umerefuka, nazi zimekwenda juu, lakini kidato hakikupanda hata upana wa kidole. Wengi hudhani kwamba mti hunyoshwa wote pamoja kama mpira, sivyo. Kila mmea una mahali maalum pa kukulia, nazo sehemu nyingine hubeba, hupitisha maji na kuweka chakula.

Mwili wa mmea umejengwa kwa vijumba vidogo mno, tuviitavyo chembe. Mwingereza Robert Hooke aliviona mwaka 1665 alipotazama kipande cha kizibo kwa hadubini. Mahali pa kukulia, chembe ni changa na kuta zake ni nyembamba. Moja hugawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne. Zile zilizoachwa nyuma hujaa maji, hurefuka, kisha hukomaa zikawa nyuzi, au mbao, au gome, na nyingi katika hizo hazigawanyiki tena.

Ukitaka kushuhudia, otesha kunde katika kitambaa chenye maji. Mzizi ukitoka, utie alama za wino zenye nafasi sawa toka nchani hata juu. Baada ya siku 2 alama za karibu na ncha zitakuwa zimeachana, na zile za juu zitakuwa kama ulivyoziandika.

Sasa, mwembe una matumba mengi, tena chini ya gome lake upo utando mwembamba wa chembe zigawanyikazo, ambao huunenepesha mti na kuziba majeraha. Kwa hiyo mwembe ukikatwa kichwa huchipuka ubavuni. Mnazi hauna utando huo. Unene wa gogo lake huwekwa mapema, mti ungali mchanga, na jeraha la panga halizibi kamwe. Ukiacha ncha za mizizi, mnazi una mahali pamoja tu pa kukulia, napo ni ndani ya shaha, katikati ya makuti machanga yaliyofungika.

Haya niliyajua kwa hasara ya mtu mwingine. Nilipokuwa kijana, mgeni katika kazi hii, mzee mmoja alinionyesha mnazi wake ulioliwa na chonga. Mimi niliyezoea mikahawa nikamwambia, "Kata kichwa, babu, utachipuka." Akanitazama sana, lakini kwa kuwa nilivaa kofia ya kazi, akakata. Haukuchipuka. Tena gogo lile likasimama likioza, chonga wakazaa humo, na mwaka uliofuata minazi yake mingine 3 ikashambuliwa. Hakunitukana, alinipa dafu, akasema, "Kunywa, mwanangu, ungalipo mmoja wa kuzaa." Ningaliona afadhali anitukane.

Basi mjue adui huyu. Chonga ni mdudu mweusi mwenye pembe, naye hutoboa penye mashina ya makuti akielekea shaha. Kuti likifunguka utaona limekatwa kama kwa mkasi. Lakini fahamu kwamba jeraha hilo alilitia zamani, kuti lilipokuwa bado limekunjwa ndani. Akikata makuti tu, mnazi huishi, ijapokuwa mazao hupungua. Akifika mahali pa kukulia, mnazi umekwisha, ingawa makuti ya nje yatakaa mabichi kwa muda na kukudanganya.

Mnazi mchanga utazame kila juma. Ukiona tundu lenye makapi mabichi, ingiza waya uliopindwa ncha kama ndoana, umvute chonga nje. Usichome kwa nguvu kuelekea katikati, usije ukafanya wewe kazi yake. Kisha tia mchanga mkavu kwenye makwapa ya makuti ili apate taabu kurudi. Mnazi uliokufa usiuache umesimama: uangushe, ulipasue gogo, ulichome moto. Chungu ya samadi uigeuze, na funza weupe wanene utakaowaona uwape kuku. Ukimaliza shamba lako, mwombe jirani yako ruhusa mkatazame magogo yake pamoja, kwa kuwa chonga huruka usiku wala hajui mpaka.