Kitani ya Altare

Mtu aliyetumwa na kijiji chake kwenda soko la Kadutu, mjini Bukavu, kununua kitambaa cha altare, huonyeshwa nguo nyingi nyeupe. Pengine muuzaji husema ya kuwa zote ni kitani. Fedha aliyochukua ni sadaka ya Wakristo wote. Yafaa basi ajue kitani ni nini kabla hajaitoa.

Kitani si katani. Katani hutoka katika majani ya mkonge, nayo hufaa kwa kamba na magunia. Kitani hutoka katika shina la mmea mwembamba wenye maua ya buluu, urefu wake kama mita moja. Mmea huo hulimwa hasa Ufaransa na Ubelgiji, ndiyo sababu bei yake ni kubwa. Haukatwi, bali hung'olewa pamoja na mizizi ili nyuzi zibaki ndefu. Kisha mabua huachwa kwenye umande au majini mpaka yalainike na nyuzi ziachane na mti wa ndani. Hukaushwa, hupondwa, huchanwa, husokotwa. Rahabu aliwaficha wapelelezi kwa mabua ya namna hiyo, yaliyotandazwa juu ya dari ya nyumba yake (Yoshua 2).

Je, kitani hutambulikanaje? Mnunuzi na aombe uzi mmoja wa ukingoni, auchome. Uzi wa poliesta huyeyuka ukawa tone gumu. Uzi wa kitani huungua kama karatasi, ukaacha majivu mepesi. Lakini uzi wa pamba nao huungua vivyo hivyo! Basi aitazame nguo yenyewe kwenye mwanga: nyuzi za kitani hazilingani, hapa nene, pale nyembamba; nayo ikifinywa mkononi hushika mikunjo. Tena hunywa maji upesi, na sifa hiyo ndiyo kubwa kwa purifikatori, yaani kitambaa cha kupangusia kalisi. Poliesta husukuma tone huku na huku tu.

Zamani altare ilitandikwa vitambaa vitatu, kwa kawaida vya kitani. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) sheria ililegezwa. Sasa chatosha kitambaa kimoja cheupe. Kijiji maskini hakikosi kikitumia pamba safi. Kununua pamba kwa bei ya kitani, huko ndiko kupoteza sadaka.

Fundi asikate kitani mpya kabla ya kuilowesha na kuikausha, kwa maana hurudi, na kitambaa kilichoshonwa vizuri kitakuwa kifupi kuliko altare. Hupigwa pasi ya moto ingali na unyevu. Ikikunjwa daima mahali pamoja, nyuzi hukatika. Afadhali izungushwe kwenye mti laini. Wakati wa mvua za Bukavu isiwekwe sandukuni ingali mbichi, isije ikaota ukungu.

Purifikatori husuuzwa kwanza kwa maji matupu, na maji hayo humwagwa ardhini mahali pasipokanyagwa na watu. Sabuni hufuata baadaye.