Kama Kinachokukera ni Spika, Sema Spika

Barua ya wakili ilinikuta barazani, nina kikombe cha chai mkono mmoja na mahamri mkono wa pili. Ilikuwa kurasa mbili zenye mhuri. Nilipewa siku 7 niombe radhi kwa maandishi, la sivyo tuonane mahakamani. Kosa lenyewe sikuweza kulikana. Kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu hapa Mtwapa, saa nane za usiku, nikiwa na hasira za mtu aliyekesha siku nne, nilikuwa nimeandika kwamba jirani zangu wa chumba cha 6 na wenzao wanaokuja kusali pale ni "dhehebu la mashetani, Shakahola ya pili".

Mtwapa iko Kaunti ya Kilifi, kaunti ile ile yenye msitu wa Shakahola, ilikofukuliwa miili ya mamia ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Neno hilo huku halitajwi kwa mzaha. Hasira yangu, kusema kweli, ilikuwa ya spika waliyoielekeza dirishani kwangu. Imani yao sikuijua na wala sikuwa nimejaribu kuijua.

Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiona na sikuliandika popote. Asubuhi moja binti wa chumba hicho, wa miaka tisa hivi, alikuwa anapiga deki ukumbi wetu wa pamoja. Tambara alilokuwa akilikamua kwenye ndoo lilikuwa sketi ya shule, pindo na vifungo bado vipo. Sketi nikaipita, nikaenda kuandika mashetani. Radhi niliomba, yakaisha. Ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo ningefanya kama ningeanza upya, na ambayo nimewaelekeza wengine kadhaa tangu wakati huo, maana kila wakisikia kisa changu hunijia na chao.

Anza kwa kujihoji peke yako: ninachokasirikia ni nini hasa? Kama kinachokukera ni spika, sema spika. Kelele zina ofisi zake: Kenya ni NEMA na serikali ya kaunti, Tanzania ni NEMC pamoja na serikali ya mtaa, na huko hakuna atakayekuuliza jirani yako anamwabudu nani. Kama ugomvi ni mpaka wa kiwanja, mwite mpima ardhi. Kama ni mchumba aliyekuacha akaokoka kwingine, pole sana, lakini hilo halina ofisi. Malalamiko yaliyovishwa joho lisilo lake huanguka mbele ya afisa wa kwanza mwenye akili, na siku ukirudi na jambo zito utaambiwa, "Ni yule wa spika."

Tena sisi watu wa pwani, na ndugu zetu wa Dar, ni wepesi mno wa neno. Mtu akinunua gari mbili kwa mwaka, basi ni Frimasoni. Kikundi kikisali Jumamosi, au kikivaa kanzu nyeupe na kutembea pekupeku, tayari kimenuka. Ugeni wa ibada si hatari. Malawi iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova mwaka 1967, na walipokataa kununua kadi za chama tawala walipigwa, wakaporwa, maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Katiba ya Kenya ya 2010 katika kifungu cha 32, na ya Tanzania katika ibara ya 19, zinamlinda mtu aamini anachotaka, hata kama kwako ni upuuzi mtupu. Kwa hiyo ukienda polisi kushtaki imani, umekwenda mikono mitupu.

Unachotafuta ni matendo, na yako machache. Mtoto wa umri wa shule haendi shule. Mgonjwa hapelekwi hospitali, hasa mtoto au mja mzito. Watu wanafunga kwa amri, na hata watoto wanafungishwa. Mtu haruhusiwi kuzungumza na mama yake pasipo mwingine kukaa kitako kusikiliza. Watu wanauza viwanja, ng'ombe na vyombo vya ndani kwa haraka, bei ya kutupa, fedha zikienda kwa mtu mmoja. Kisha kikundi kinahamia mahali ambapo jirani hafiki. Hili la mwisho likija baada ya hayo mengine, usilale.

Ndivyo ilivyokwenda kwa Paul Mackenzie, yule mhubiri wa Shakahola, na hakuanzia msituni. Alikuwa na kanisa mjini Malindi, watu wakipita nje kila siku, na mahubiri yake yalionekana kwenye televisheni. Alihubiri dhidi ya shule na hospitali hadharani. Mwaka 2017 alifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kueneza itikadi kali na ya kuwanyima watoto elimu, lakini alirudi uraiani. Mwaka 2019 akafunga kanisa, akaelekea Shakahola, pori la ekari kama 800 katika ranchi ya Chakama. Machi 2023 alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Katikati ya Aprili, baada ya kupashwa habari, polisi wakaingia porini. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na mapema 2024 yeye na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191.

Mimi nikiisoma hadithi hii nyuma kwenda mbele, naona watoto tu. Kabla ya kaburi la kwanza, tayari kulikuwa na mtoto aliyeondolewa darasani.

Na usitulizwe na cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani. Kikundi cha Kanungu, Uganda, kilichowaangamiza mamia ya wafuasi wake, wakiwemo waliokufa katika moto wa kanisani tarehe 17 Machi 2000, kilikuwa kimesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali.

Sasa kalamu. Nunua daftari la shilingi 50, usitumie simu pekee, simu huibwa na huanguka chooni. Andika ulichoona kwa macho yako, siku, saa na mahali ulipokuwa umesimama. Hivi ndivyo ningeandika ile asubuhi:

"Jumanne, 4 Juni 2024, saa 3 asubuhi. Msichana wa chumba cha 6, kama miaka 9, anapiga deki ukumbini. Tambara ni sketi ya shule, rangi ya samawati. Shule hazijafungwa. Nimeona mwenyewe, nikiwa mferejini. Mke wangu pia ameona."

Tazama kisichomo. Hamna "nahisi", hamna "watu wanasema", hamna shetani. Kama habari umeisikia kwa mtu, andika kwamba umeisikia na umeisikia kwa nani, kisha kamwombe huyo naye aandike yake. Kurasa tatu za namna hiyo, za wiki tatu, zina uzito kuliko saini 200 zilizokusanywa sokoni. Picha, kuwa na adabu nazo: piga ukiwa kwako au kwenye njia ya umma, usichungulie dirishani mwa mtu, na uso wa mtoto usiurushe kokote.

Ukishakuwa na daftari, swali ni ubishe mlango upi. Kenya watu hukimbilia kwa chifu, na si vibaya, chifu ana naibu na wazee wa mtaa wanaojua nani anaishi wapi. Lakini kwa jambo la mtoto, nenda moja kwa moja kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au piga 116, ambayo ni bure. Namba hiyo hiyo ya watoto inatumika Tanzania na Uganda. Usiseme "kuna kanisa potovu". Sema: "Kuna mtoto wa miaka tisa hajaenda shule muhula huu, yuko mahali fulani." Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamfanya mzazi asiyempeleka mtoto shule kuwa na kosa, na kosa hilo halihitaji mjadala wa Biblia wala Kurani. Tanzania unaanza kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, kisha ofisi ya ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto kituoni. Kule Sheria ya Mtoto ya 2009 inakwenda mbali zaidi: mwanajamii mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Kwa hiyo ukiambiwa unajitia kimbelembele, una la kujibu.

Usiondoke kituo cha polisi bila namba ya taarifa yako. Kenya ni namba ya OB, Tanzania ni RB. Bila namba hujaripoti, umepiga soga na askari. Iandike kwenye daftari pamoja na jina la aliyekupokea, rudi baada ya wiki uulize imefika wapi. Usiposikilizwa, panda ngazi: mkuu wa kituo, mkuu wa polisi wa eneo, halafu IPOA, mamlaka inayosimamia polisi, kwa Kenya, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kwa Tanzania. Hapa ndipo daftari linapolipa. Kamati ya Seneti iliyochunguza Shakahola iliwalaumu maafisa kwa kutochukua hatua mapema, na afisa wa leo anajua hivyo. Mtu anayekuja na tarehe na namba ya OB hafukuzwi kirahisi.

Kuhusu mdomo, mimi ndiye mfano. Malalamiko yanayopelekwa kwa nia njema kwenye ofisi yenye mamlaka, sheria huyapa kinga ambayo ujumbe wa WhatsApp hauna. Kenya, Mahakama Kuu ilifuta mwaka 2017 kosa la jinai la kuchafua jina, lakini kudaiwa fidia kupo palepale, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ina meno yake. Tanzania ipo ile ya 2015. Kwa hiyo kwenye kundi la ploti andika habari za maji na takataka. Ukishindwa kabisa kunyamaza, sema ulichoona, usiseme wao ni nani.

Na usikusanye vijana. Nasema hivi kwa sababu kuna atakayekuja kukuambia, "Wewe sema tu, tutawatoa usiku mmoja." Nyumba ikichomwa, mtoto unayemwonea huruma yumo ndani. Na wakikimbia, watahamia ambako hakuna jirani mwenye daftari.

Linabaki jambo gumu kuliko yote, la kuishi nao. Watu waliomo humo wengi si wabaya. Wengi waliingia wakiwa na msiba, deni, au maradhi yaliyoshindikana, wakapokewa na watu waliowaita kwa majina na kuwapikia. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "umepotoshwa", umethibitisha alichoambiwa, kwamba watu wa dunia watamchukia. Msalimie kama zamani. Muulize habari za nyumbani kwao, za mamake, za mahindi, mambo yasiyo na dini ndani yake. Akiwa ndugu yako, usimpe fedha, mpe unga, mpe sabuni, umpelekee mwenyewe ili umwone. Hifadhi nakala ya kitambulisho chake na vyeti vya watoto. Kama ni mwenzi wako na anataka kuuza kiwanja cha ndoa, wahi ofisi ya ardhi uweke zuio, kwani sheria ya Kenya inataka idhini ya wote wawili.

Pia usitarajie kwamba anayetolewa atakushukuru. Baadhi ya waliookolewa Shakahola waliendelea kukataa chakula hata baada ya kuokolewa, na Juni 2023 watu 65 walifikishwa kortini kwa kujaribu kujiua. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi akifika kwako, usimshindilie ugali na nyama, mwili haubebi. Mpe kidogo kidogo na umpeleke hospitali upesi.

Mke wangu alikuwa na akili kuliko mimi. Wiki zile nilizokuwa nikigombana na spika, yeye aliendelea kumwazima jirani mbuzi ya kukunia nazi, na kila aliporudishiwa walizungumza maneno mawili matatu mlangoni. Baada ya barua ya wakili mimi nilipita pale nikiwa nimeinamisha kichwa. Yeye hakuwa na cha kuinamia. Afisa wa watoto alipokuja hatimaye, kwa simu ya 116 aliyoipiga mke wangu na si mimi, hakuzungumza dini hata neno moja. Aliuliza darasa, akauliza jina la shule, akaandika.

Mama wa yule binti alikaa wiki nzima hatusemeshi. Siku ya nane alibisha hodi, mbuzi mkononi, akasimama akitazama sakafu. Alitaka kujua kama pale kwa fundi wa barabarani sketi ya saizi ya miaka tisa bado ni bei ile ile.