Joto Lisiloonekana na Kipimo cha Paji la Uso

Simama karibu na moto wa makaa wakati upepo unavuma kutoka mgongoni mwako. Hewa ni baridi, lakini uso wako unasikia joto. Mtu akipita kati yako na moto, mara joto linakatika, akiondoka linarudi. Basi halikuletwa na hewa. Linakuja kwa mionzi, iliyo ndugu wa nuru, ila jicho haliioni. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aliitenganisha nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, pasipoonekana nuru yo yote. Kipimajoto kilipanda.

Kila kitu kinatoa mionzi hiyo, na kadiri kinavyozidi joto ndivyo kinavyozidi kuitoa. Mwili wako pia. Kile chombo kilichoelekezwa kwenye paji la uso mipakani na hospitalini wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, kazi yake ni kuipokea tu. Wengine walikikataa wakisema kinachoma ubongo. Je, jicho likiangalia mti huuchoma? Taa nyekundu, kama ipo, yaonyesha mahali pa kupima. Isielekezwe machoni tu.

Lakini chombo hiki chaweza kudanganyika. Sufuria mpya inayong’aa, ingawa maji yanachemka ndani, hutoa mionzi kidogo, na chombo kitasoma chini sana. Sufuria hiyo ikipakwa masizi, kitasoma karibu na kweli. Ngozi ya mtu, nyeusi au nyeupe, yaitoa vizuri sawasawa. Shida ni vinavyoifunika. Kupitia kilemba, chombo kitapima kitambaa. Jasho linapoza paji la uso, na homa itafichika.

Wewe mama unayembeba mtoto juani katika bonde la Ruzizi, ukifika keti kwanza kivulini, mfute jasho, mvue kofia, ungoje karibu nusu saa. Ila mtoto aliyelegea, mwenye degedege au asiyenyonya asingojeshwe hata kidogo. Mwite muuguzi mara moja.

Tukiwa na mashaka tunapima tena kwapani. Usiudhike, wala usiseme tunapoteza wakati. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye 37.5 au zaidi kwapani, au chini ya 35.5, aletwe siku ile ile, hata usiku, akiwa amefungwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi.