Somo Letu: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Siku hizi mfanyakazi akienda ofisini kulalamika kwamba kilo zake zimepungua, au kwamba makato yake ya NSSF hayaonekani, mara nyingi hupewa jibu moja tu: "Kompyuta ndiyo imesema." Akiuliza zaidi huambiwa kompyuta haikosei. Somo hili ni la kumjibu mtu asemaye hivyo. Hatukusudii kuwageuza wanachama wetu wawe mafundi wa kompyuta. Tunakusudia kila mwakilishi wa wafanyakazi ajue ni mahali gani hesabu hupotea, ni mahali gani hujirudia, na ni maswali gani ya kuuliza.

1. ZAMANI DAFTARI MOJA, LEO MADAFTARI MENGI

Zamani shamba lilikuwa na karani mmoja na daftari moja. Kilo, siku za kazi, mshahara na makato vilikaa katika mstari mmoja. Ama karani ameandika yote, ama hakuandika kitu. Mafundi wa kompyuta nao hupenda hivyo hivyo: kazi yenye hatua nyingi ifanyike yote, au isifanyike kabisa. Kazi ya namna hiyo huitwa muamala. Ndani ya daftari moja, kompyuta huimudu vizuri.

Leo mambo yamegawanywa. Iko programu ya mizani, iko ya mishahara, iko ya kupeleka fedha kwenye simu, na iko ya makato ya NSSF na ada ya chama. Kila moja ina daftari lake, na pengine inakaa kwenye mashine iliyo mji mwingine. Hakuna inayoandika katika daftari la mwenzake. Hupelekeana ujumbe, kama ofisi mbili zinavyopelekeana barua. Mpango huu mafundi huuita huduma ndogondogo.

Tusiseme mpango huo ni mbaya. Programu ya makato ikiharibika, mizani huendelea kupima. Fundi hutengeneza moja bila kusimamisha zote. Lakini palipo na madaftari manne pana uwezekano wa madaftari hayo kutokubaliana, na anayeumia kwanza ni mfanyakazi.

2. MAKOSA MAWILI YA NJIANI

Tuchukue mfano wa mchumaji wa chai aliyepima mara tatu kwa siku: kilo 14, kilo 17 na kilo 11. Jumla ni kilo 42. Mizani hutuma ujumbe mmoja kwa kila mzani.

Kosa la kwanza ni ujumbe kupotea. Ule wa kilo 17 usipofika, daftari la mishahara litaonyesha kilo 25. Mizani inasema 42, mshahara unasema 25, na kila kompyuta husema kweli kwa kadiri ya ilivyoambiwa.

Kosa la pili ni ujumbe kufika mara mbili. Kilo 17 zikihesabiwa mara mbili, jumla inakuwa 59. Mfanyakazi asifurahi. Mwezi ujao fedha hizo zitakatwa, na pengine ataitwa mwizi.

Chanzo cha kosa la kwanza mara nyingi ni hiki. Programu huandika kwanza katika daftari lake, kisha hutuma ujumbe. Umeme ukikatika katikati ya vitendo hivyo viwili, daftari limeandikwa na ujumbe haukutoka. Je, itume kwanza ndipo iandike? Hapo umeme ukikatika, ujumbe umekwenda na daftari lake lenyewe ni tupu. Kubadilisha mpangilio hakuondoi tatizo.

3. KUTOPATA JIBU SI KUSEMA HAUKUFIKA

Mtaalamu wa Marekani, Jim Gray, mwaka 1978 alieleza tatizo la njiani kwa mfano wa majemadari wawili. Kila mmoja yuko juu ya kilima chake, na adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja watashinda. Akishambulia mmoja peke yake atashindwa. Jemadari wa kwanza anamtuma tarishi kusema: "Tushambulie alfajiri." Tarishi anaweza kukamatwa bondeni, kwa hiyo anangoja jibu. Wa pili anajibu: "Nimekubali." Lakini naye hajui kama jibu lake limefika, basi anataka jibu la jibu. Hayana mwisho. Wakituma matarishi mia, bado yule aliyetuma wa mwisho hana hakika.

Ndivyo ilivyo kwa kompyuta mbili. Programu ya mishahara ikituma amri ya kulipa na isipate jibu, haijui kama amri ilipotea, au malipo yamefanyika na jibu ndilo lililopotea. Ikinyamaza, mfanyakazi anaweza kukosa mshahara. Ikituma tena, anaweza kulipwa mara mbili. Kwa sababu hiyo mafundi wazuri hawategemei bahati. Huweka taratibu nne.

4. TARATIBU NNE ZA KAZI SAFI

Kwanza, kisanduku cha barua zinazotoka. Programu ya mizani inapoandika kilo 17, huandika hapo hapo, katika daftari lile lile na kwa tendo lile lile, barua ya kupelekwa kwa mishahara. Ama vyote viwili vimeandikwa, ama hakuna. Kisha tarishi, ambaye ni programu nyingine ndogo, huchukua barua kisandukuni na kuzipeleka. Haweki alama ya "imefika" mpaka apokee stakabadhi. Umeme ukikatika, barua bado imo kisandukuni, ataipeleka utakaporudi.

Pili, namba ya barua. Tarishi wa namna hii akikosa stakabadhi hurudia kupeleka, kwa hiyo barua moja inaweza kufika mara mbili. Basi kila barua ipewe namba yake isiyofanana na nyingine, na ikirudiwa irudiwe kwa namba ile ile. Anayepokea huandika namba hiyo kwa tendo lile lile la kuongeza kilo. Namba hiyo ikija tena, haongezi kitu, ila hutoa stakabadhi. Kurudia barua kunazuia kupotea. Namba inazuia kuhesabu mara mbili. Kimoja bila kingine hakifai.

Tatu, kurekebisha bila kufuta. Kazi ikipita katika programu nne na ya tatu ikakwama, mbili za kwanza zimekwisha kuandika. Mwaka 1987 wataalamu Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walieleza njia hii: kila hatua iwe na hatua yake ya kuirudisha nyuma. Fedha zikishindwa kuingia kwenye simu, zinaandikwa kurudi kwenye hesabu ya mshahara, na mistari yote miwili inabaki kuonekana. Karani mwaminifu hafuti kwa kifutio. Huandika mstari wa kusahihisha na kutaja sababu.

Nne, kulinganisha madaftari. Kila jioni jumla ya kilo za mizani ilinganishwe na jumla ya kilo za mishahara. Kila mwezi makato ya mishahara yalinganishwe na yale yaliyopokewa. Pia kuna barua ambazo hazikubaliki kila zikipelekwa, kwa mfano namba ya mfanyakazi imekosewa. Hizo huwekwa kando zitazamwe na mtu. Hapa tuwe macho: kisanduku cha kando kisichofunguliwa na mtu ni kaburi la mishahara.

Ni kweli kwamba kwa taratibu hizi madaftari hayalingani papo hapo. Hulingana baada ya muda. Lakini "baada ya muda" lazima iwe na kipimo. Nchini Uganda mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya NSSF na mwajiri huongeza asilimia 10, na michango hiyo yatakiwa ifike kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa mshahara wa shilingi 200,000, mfanyakazi anatoa 10,000 na mwajiri 20,000, jumla 30,000. Tarehe hiyo ikipita na 30,000 hazionekani, neno "mtandao unachelewa" halitoshi tena.

5. YALIYOTOKEA UINGEREZA

Anayesema kompyuta haikosei na asikie habari hii. Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kuweka katika matawi yake mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukaonyesha upungufu wa fedha ambao wenye kusimamia matawi hawakuuelewa. Wakalipishwa kutoka mifukoni mwao. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi na hesabu za uongo, na wengine walifungwa jela. Kila mmoja alipambana peke yake.

Kosa mojawapo lilionekana mwaka 2015 katika tawi la Dalmellington, Scotland. Fedha pauni 8,000 zilikuwa zinapokewa, skrini ikagoma, mtumishi akabonyeza kitufe tena na tena. Mfumo ukaandika pauni 8,000 mara nne, na pakatokea tofauti ya pauni 24,000 ambazo hazikuwapo. Hilo ndilo kosa la ujumbe uliorudiwa bila namba ya kuuzuia.

Watu 555 walipoungana na kwenda Mahakama Kuu, jaji aliamua mwaka 2019 kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu. Umoja ulifanya kile ambacho mtu mmoja mmoja hakuweza kwa miaka ishirini.

6. YA KUFANYA KATIKA MATAWI

Kila mwanachama atunze karatasi ya mizani na asifute ujumbe wa malipo kwenye simu. Asiyeweza kusoma asaidiwe na mwenzake wa kikundi. Kamati ya tawi ikusanye malalamiko kwa tarehe. Watu ishirini wakipungukiwa siku moja, si uzembe wa mtu, ni barua zilizokwama.

Katika mkataba wa pamoja tudai mambo matatu. Kila mzani utoe karatasi yenye namba. Taarifa ya kulinganisha madaftari ionyeshwe kwa kamati kila mwezi. Na mfanyakazi asikatwe fedha kwa sababu ya "kosa la mfumo" kabla mwajiri hajaonyesha maandishi ya kila hatua. Anayemiliki kompyuta ndiye wa kuthibitisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Umeme ukikatika wakati wa kupima, hapa kwetu ni kitu gani kinachothibitisha kilo zako?
2. Ujumbe wa mizani ukifika mara mbili, ni nini kinachozuia usihesabiwe mara mbili?
3. Barua zilizokwama hufunguliwa na nani, na siku gani?
4. Makato ya mwezi uliopita yamefika? Umejuaje?

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Swali lisilojibiwa na msimamizi liletwe kwenye mkutano wa tawi, liandikwe, na jibu lidaiwe kwa maandishi.