Zamu ya Maji Mangola

Mtu ashukaye kutoka Karatu kwenda Mangola huyaacha mashamba ya ngano na kahawa, akaingia nchi ya vumbi na migunga. Kisha ghafula huona kijani cha vitunguu. Maji hayo yatoka wapi, hali mvua ya huko ni haba? Yafaa kila mkulima ajue. Mvua hunyesha juu, katika msitu wa Ngorongoro na Oldeani. Mizizi na majani huizuia isikimbie. Hupenya ardhini polepole, ikatokea bondeni katika chemchemi. Basi akataye mti kule juu apunguza kitunguu huku chini.

Msitu umo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, nao una askari wake. Chemchemi je? Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au ziwezazo kudhuru, ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Lakini ofisi ya Bonde la Kati iko Singida, mbali sana. Aisikiaye mashine ikivuta maji usiku ni jirani.

Ndiyo maana twazithamini jumuiya za watumia maji, ambazo sheria ya mwaka 2009 yaruhusu wananchi kuziunda: kugawa zamu, kusafisha mifereji, kupatanisha wagombanao. Kazi hiyo si nyepesi. Mwenye shamba karibu na chanzo humwagilia kwanza; wa mwisho hungoja, na miche yake hunyauka. Mwenye fedha hununua mashine, akavuta pasipo zamu. (Tuseme wazi: wengine wao ni watu wa heshima, wakaao viti vya mbele barazani.) Jumuiya isiyothubutu kumtoza faini mtu wa namna hiyo ni jina tu.

Tena wapo wasio na mfereji: wafugaji, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wakazi wa zamani kuliko sisi sote. Wenzao wa Bonde la Yaeda, Mbulu, walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao ya pamoja, na leo kuutunza msitu wao kwawaletea fedha. Huku Mangola, mkutano wa zamu utakapoitwa, twataka nao waitwe. Na daftari la zamu lisomwe kwa sauti mbele ya wote, jina kwa jina, pamoja na majina ya wenye mashine.