Hakikisha Kabla ya Kuhukumu: Somo la Relei ya Pampu ya Mafuta

Bismillahir Rahmanir Rahim



Katika safari yetu moja kutoka Geita kurudi Shinyanga, gari la petroli tulilokodi lilizima kabla hatujafika Kahama. Stata ilizunguka, injini haikuwaka. Abiria wakamshutumu dereva kuwa ameweka mafuta yaliyochakachuliwa ili abakize fedha. Fundi wa kwanza, bila kupima chochote, akasema tununue pampu mpya. Fundi wa pili alipima kwa utaratibu, akakuta kosa ni relei. Akaibadilisha, gari likawaka kwa mafuta yale yale.

Relei ni swichi inayoendeshwa na umeme. Umeme mdogo hupita kwenye koili, koili huwa sumaku, nayo huvuta kisahani kinachopitisha umeme mkubwa wa pampu. Relei nyingi zina namba: 85 na 86 ni koili, 30 hupokea umeme wa betri, na 87 huupeleka kwenye pampu. Nyingi za Kijapani huandikwa 1, 2, 3 na 5; basi soma mchoro uliochorwa juu yake.

Upimaji ufuate hatua hizi:

1. Mwenzako awashe swichi na kupiga stata, wewe sikiliza kwenye tenki. Pampu ikinguruma, relei yake inapitisha umeme. Tafuta kosa kwingine.

2. Tazama fyuzi. Ikiwa imeungua, usiweke waya mahali pake, maana gari laweza kuwaka moto. Tafuta kwanza waya uliochubuka.

3. Badilishana relei na nyingine ya aina ile ile, kama ya honi. Injini ikiwaka, umepata jibu.

4. Isipowaka, chomoa relei upime soketi kwa mita. Tundu la 30 liwe na volti 12 hivi. Stata inapopigwa, upande mmoja wa koili upate umeme na mwingine upate negativu. Kikikosekana kimoja, kosa liko kwenye nyaya, swichi au kompyuta ya gari. Waya wa kompyuta usiupime kwa taa ya balbu, unaweza kuiunguza.

5. Yote yakiwepo, rudisha relei upime plagi ya pampu stata ikipigwa. Umeme usipofika, waya umekatika au soketi ina kutu na vumbi. Ukifika, na negativu ni nzima, lakini pampu iko kimya, hapo ndipo useme pampu imekufa.

Usivute sigara wala kuruhusu cheche karibu na petroli.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mola wetu ametuamrisha kuchunguza habari tusije tukawadhuru watu bila kujua, kisha tukajuta. Kijana atakayekuwa fundi ajue kuwa gari la mtu ni amana. Kumuuzia pampu asiyoihitaji ni kula mali yake kwa batili. Nasi tuliokuwa abiria tulikosea pia: tulimwomba dereva radhi mbele ya wale wale waliosikia akishutumiwa.

Maswali ya kujipima

1. Koili ya relei hufanya kazi gani?
2. Kwa nini fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa waya?
3. Ni lini fundi ana haki ya kusema pampu imekufa?
4. Je, kuna mtu uliyemhukumu bila kuhakikisha? Utafanya nini leo?

Wabillahi tawfiq.