Krismasi ya Babu na Krismasi ya Mjukuu

Somo kwa vikundi vya jioni. Soma kwanza Ezra 3:8–13 na Kumbukumbu la Torati 16:9–15.

Krismasi iliyopita, tulipotoka kanisani, bibi mmoja wa kijiji cha upande wa Kahama alinipa simu yake nimsomee ujumbe. Mjukuu wake anachimba dhahabu huko Geita, naye alikuwa amemtumia fedha za sikukuu. Nilimsomea kiasi. Alimshukuru Mungu, akaifunga simu katika pindo la khanga, kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, hii nitakula na nani?"

Sikuwa na jibu. Somo hili limetokana na swali lile.

Tukikaa na wazee wetu mwezi wa Desemba, hatuna budi kusikia lawama moja: siku hizi hakuna Krismasi. Vijana nao husema wazee hawapendi furaha. Kabla ya kuamua nani ana haki, yafaa tuulize jambo ambalo watu hawaliulizi sana. Hiyo Krismasi ya zamani ilikuwa ya zamani kiasi gani?

Hapa Usukumani Desemba ni mwezi wa jembe. Mvua zimeanza, watu wanapanda mahindi na pamba, palizi inakaribia, na ghala linaelekea kuwa tupu. Ni wakati wa kula michembe iliyokaushwa tangu kiangazi, na kuipima. Wazee wa wazee wetu hawakuwa na sababu yo yote ya kufanya karamu wakati huo. Furaha yao kubwa ilikuwa baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, chakula kikiwa tele na watu wana nafasi. Hapo ndipo Bagika na Bagalu waliposhindana kwa ngoma, watu wakatoka mbali kuja kutazama. Padre David Clement, Mkatoliki aliyeanzisha makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza, aliliona jambo hili, na sherehe ya Bulabo ikaunganishwa na sikukuu ya Mwili wa Kristo, ambayo huangukia majira hayo hayo. Alikuwa mtu wa macho.

Lakini Krismasi haikuhamishwa. Wamisionari wa C.M.S. walifika Nassa, kando ya Ziwa, mwaka 1888, na mwaka 1909 kituo kile kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Wote walikuja na kalenda yao, na Wakristo wa kwanza wakapokea sikukuu kubwa katikati ya kazi na upungufu. Mzee mmoja aliniambia kwamba wazazi wake waliimba asubuhi, wakala ugali wa mtama na kuku mmoja kwa nyumba nzima, na kesho yake walikuwa shambani alfajiri. Tukumbuke pia kuwa Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa Bwana wetu. Habari za kwanza za tarehe 25 Desemba tunazipata Roma, mwaka 336. Na wala si watu wote wanaomaliza mwaka mwezi wa Desemba: kule Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa hufanyika Julai.

Basi ile Krismasi ambayo wazee wa leo wanaililia ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka katika pamba. Pamba hununuliwa kuanzia katikati ya mwaka, na vyama vya ushirika vilipopata nguvu, hasa baada ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria kuanzishwa mwaka 1955, mkulima alishika fedha. Baba mwenye busara aliificha sehemu yake mpaka Desemba. Kule Mwadui, ambako Williamson alipata almasi mwaka 1940, wafanyakazi walipokea mshahara kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, nao wakaweza kuifanya Krismasi iwe siku ya kununua.

Mimi nilizaliwa katika Krismasi ya namna hiyo. Baba alinunua jora moja la kitambaa, na fundi cherehani alishona barazani kwa taa ya chemli mpaka usiku wa tarehe 24. Kwa sababu kitambaa kilikuwa kimoja, watoto wote wa nyumba tulivaa sare, wavulana kaptula na wasichana magauni, na mtu akituona njiani alijua sisi ni wa nani. Nilipokuwa na miaka tisa nguo yangu haikumalizika, nikaenda kanisani na suruali isiyo na vifungo, nimeishika kwa mkono muda wote wa Litania. Wali ulipikwa mara moja tu kwa mwaka. Harufu yake siwezi kuieleza kwa kijana ambaye leo anakula wali Jumanne bila sababu. Nasi watoto tulikuwa na kazi moja kubwa: kubeba sahani zilizofunikwa kitambaa na kuzipeleka kwa majirani, kwa Waislamu, kwa wale wasio na dini, kwa mjane aliyekaa peke yake. Siku ya Idi sahani zilirudi zimejaa.

Hata hivyo Krismasi hiyo haikudumu kama watu wanavyodhani. Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijijini, na jirani wa zamani akawa mbali. Miaka ya mwanzo ya themanini sukari, sabuni na nguo vilikuwa haba, tukapanga foleni kwenye duka la kijiji. Mwaka 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, tulikunywa chai ya chumvi siku ya Krismasi, tukacheka. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984 vitu vilirudi, mitumba ikajaa minadani, na fundi wa barazani akakosa kazi. Hakuna aliyetangaza kwamba sare ya nyumba imekwisha. Ilikwisha tu.

Kisha ikaja dhahabu kwa namna mpya. Geita kulikuwa na mgodi wa zamani uliofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Kandokando yao wako wachimbaji wadogo wengi, na hao ndio watoto wetu. Mgodi mkubwa haulali. Zamu ya tarehe 25 ni zamu kama nyingine. Mchimbaji mdogo naye hana mshahara. Yeye hugawana mawe na wenzake na mwenye duara, na akikosa, amekosa. Mvua zikijaza maduara maji, kazi husimama, naye angeweza kupanda basi kwenda nyumbani, maana barabara siku hizi ni nzuri. Mbona haji? Nimewauliza wachache. Jibu lao si la dharau hata kidogo. Wanaona haya. Kijiji kizima kinajua alikwenda kwenye dhahabu, naye arudi mikono mitupu, bila kilo ya mchele? Afadhali asubiri mwakani. Aliyepata naye hutuma kwa simu, jambo lililowezekana tangu mwaka 2008, na akisha kutuma huona amekwisha kufika.

Vijana wamehamisha pia uzito wa siku zenyewe. Wazee wetu walilala usiku wa tarehe 31 Desemba kama usiku mwingine. Kwa Kitabu cha Sala, tarehe 1 Januari ilikuwa siku ya kukumbuka Kutahiriwa kwa Kristo, na watu wachache walikuja. Leo mkesha wa mwaka mpya hujaza kanisa kuliko Krismasi. Wengine husema tumewaiga Wapentekoste. Lakini ibada hiyo ilizoeshwa na Wamoravian na Wamethodisti wa karne ya 18, basi si ya jana.

Sasa turudi kwa Ezra. Nyumba ya kwanza ya Bwana ilibomolewa mwaka 586 hivi K.K. Wale waliorudi kutoka Babeli walipoweka msingi mpya, wazee walioiona ile ya kwanza walilia kwa sauti, na vijana walipiga kelele za furaha, hata mtu asiweze kutenganisha sauti hizi mbili. Angalia kwamba mwandishi hawakemei wazee, wala hawakemei vijana. Nadhani sisi tumekuwa wepesi wa kukemea pande zote mbili.

Katika Kumbukumbu la Torati, Mungu anapoamuru sikukuu hasemi habari za nguo wala za wali. Anahesabu watu: mwana, binti, mtumishi, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Na Nehemia 8 yasema wapelekewe sehemu wale wasioandaliwa kitu. Kwa hiyo kutuma si kosa, na kijana wa Geita anayetuma asidharauliwe. Ila sahani tuliyoibeba sisi ilibebwa na mtoto mwenye miguu, naye aliulizwa habari za nyumbani kabla ya kurudi.

Yule bibi alipika. Alinunua mchele na kuku wawili kwa fedha zile, akawaita watoto wa majirani, kumi na moja kwa hesabu yangu, na mimi nikaalikwa. Saa saba mchana simu ililia. Nilimfungulia sauti, tukaiweka mkekani kati ya masinia. "Shikamoo bibi," akasema kijana. "Marahaba, mjukuu wangu. Waamkie wenzako, wanakula kuku wako." Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuwauliza watoto majina yao, mmoja mmoja.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Mzee mmoja aeleze Krismasi ya wazazi wake, si yake mwenyewe. Katika nyumba yako, ni nani ambaye hakuja mwaka jana, nawe wajua sababu yake ya kweli? Kijana aliyekosa dhahabu akifika mlangoni kwako tarehe 24, atasikia neno gani la kwanza? Majibu yaandikwe na kuletwa kwa katekista kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio.